Mama Tope na Bomba la Tano

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, sauti itakufuata huko huko. Kama umekaa, kaa vizuri. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona. Lakini kama umezaliwa au umeishi katika mji huu, mkono wake umekufikia, kwa sababu unakunywa maji.

Alifariki Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, kwenye kiti chake cha karibu na dirisha. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita. Ndiyo, sabini na sita. Mumewe alikuwa chumba cha pili akitafuta miwani. Aliporudi kumuuliza kama ameiona, mwenzake alikuwa ameshaondoka.

"Uso wake ulikuwa umetulia," anasimulia mzee. "Kama mtu aliyemaliza kufua nguo zote na kuzianika. Nikasema, haya mama, pumzika. Halafu ndipo nikaanza kulia."

Kazini walimwita Mama Tope. Mtaani walimwita Mama Tope. Hata mwenyewe akipokea simu alisema, "Mama Tope hapa, sema shida yako." Jina hilo halikuwa la kumcheka. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti wa maziwa, na kazi yake ilikuwa tope. Si tope la barabarani, wasikilizaji wapendwa. Tope la chini kabisa ya ziwa.

Hakuanza na tope. Alianza na taipureta. Akiwa na miaka ishirini na minne aliajiriwa kuwa mpiga chapa, katika chumba chenye madawati manne na feni moja iliyokuwa ikizunguka inapojisikia. Siku moja fundi wa maabara aliugua. Profesa aliyekuwa mkuu wa idara akaingia kwa wapiga chapa amefadhaika, akauliza, "Nani hapa mkono wake hautetemeki?" Wenzake wakaangua kicheko. Yeye wakati huo alikuwa akimtungia uzi mwenzake kwenye sindano, na uzi ukapita mara ya kwanza. Profesa akamwona. "Wewe," akasema. "Njoo." Akaenda. Hakurudi tena kwenye taipureta.

Tumfafanulie msikilizaji kazi yenyewe. Watafiti huenda katikati ya ziwa kwa chelezo. Wanateremsha mabomba ya plastiki, kila moja lenye urefu wa mita moja, wanayadidimiza kwenye tope la chini, moja baada ya jingine, kila moja ndani zaidi kuliko lililotangulia. Yakivutwa juu, ndani yake kuna tope limekaa kama mche wa sabuni. Wenyewe wanaliita hivyo hivyo, mche. Bomba linapasuliwa kwa urefu, mche unakatwa katikati kwa waya mwembamba, na unapata nusu mbili zinazofanana. Nusu moja inafanyiwa kazi. Nusu ya pili inawekwa akiba kwenye chumba cha baridi.

Na kuna nini cha kutazama ndani ya tope? Binti yake wa pekee, ambaye ni muuguzi, alimuuliza swali hilo akiwa darasa la pili. Mama Tope hakutafuta maneno makubwa. Alimwonyesha beseni la nguo chafu.

"Nguo ya chini kabisa ni ya lini?"

"Ya Jumatatu."

"Na hii ya juu?"

"Ya leo."

"Umejuaje?"

"Si ndivyo tulivyozivua?"

"Basi na ziwa ni hivyo hivyo. Kila mwaka linavua. La chini ni la zamani."

Msimu wa mvua, mito huingiza udongo mweusi mweusi. Kiangazi, hutua mwani mdogo usioonekana kwa macho, wenye ganda kama kioo, na tabaka lake huwa jepesi la rangi ya maziwa. Ndani yake mna chavua za miti iliyokuwepo, na chembe za mkaa za misitu iliyoungua. Mtu mwenye subira anaweza kutazama tope hilo na kujua mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa njaa, hata kama aliyeshuhudia amekufa zamani za kale.

Mama Tope alikuwa na subira. Na alikuwa na ukweli wa kuudhi. Mwaka wake wa pili kazini alibadilisha kwa bahati mbaya vibandiko vya vifuko viwili vya sampuli. Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kubisha mlango wa Profesa na kusema, "Nimekosea." Kosa likarekebishwa siku ile ile. Lakini liliandikwa kwenye jalada lake. Kumbuka hilo, msikilizaji, maana Profesa alilikumbuka.

Sasa twende kwenye safari iliyomtesa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Walikwenda kwenye ziwa letu hili linalounywesha mji mzima. Siku hiyo walichimba mabomba saba katikati ya ziwa na mabomba matatu karibu na ufuko. Saba katikati, matatu ufukoni. Wakiwa bado majini mvua ikawashukia, ile ya kumwagwa kwa ndoo. Namba zilikuwa zimeandikwa kwa wino juu ya mabomba. Walipofika nchi kavu, wino ulikuwa umesambaa na namba nyingine zimefutika kabisa. Mama Tope, nguo zimemganda mwilini, mikono imekufa ganzi, akaziandika upya kwa kumbukumbu. Hili la kwanza, hili la pili, hili la tatu.

Wiki mbili baadaye maabara ikafungua bomba la tano la katikati. Tope jeusi, laini, kama siagi. Kisha, ghafla, mkanda mgumu. Upana wa vidole vinne. Rangi ya majivu. Umepasukapasuka, na ndani ya mipasuko kuna vijizizi vyembamba vya majani ya nchi kavu. Chini yake, tope laini linaendelea kama kawaida.

Wote mezani wakainama kuutazama.

Kwa mtu wa kazi hiyo maana yake ilikuwa moja tu. Katikati ya ziwa, mahali penye kina kirefu kuliko pote, palikuwa pamekauka. Pamekauka kabisa, udongo umepasuka kwa jua, na majani yameota. Chembe za mkaa zilizotolewa kwenye mkanda ule zilipelekwa kupimwa umri, na jibu likaja: miaka elfu moja na mia tatu iliyopita.

Profesa hakukubali. Na tumtendee haki, alikuwa msomi mwaminifu. Maisha yake yote alikuwa amefundisha kwamba ziwa hili halijawahi kukauka. Aliutazama mkanda ule akaona unafanana mno na udongo wa ufukoni. Akamwita fundi wake ofisini.

"Namba uliziandika wewe?"

"Niliziandika mimi, Profesa."

"Kwa kumbukumbu?"

"Kwa kumbukumbu."

"Unaweza kuapa kwamba bomba hili halikutoka ufukoni?"

Mama Tope akarudi kwa mawazo kwenye mvua ile, bomba kwa bomba. Binti yake anasema alimsimulia jambo hili mara nyingi, na kila mara alipofika hapa alisita vile vile.

"Naamini ni la katikati," akasema. "Lakini siwezi kuapa."

Basi. Ripoti ikaandikwa. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja: mkanda mgumu wa bomba la tano unatokana na kosa la fundi. Na jalada lake likafunguliwa, na vile vibandiko viwili vya zamani vikafufuliwa. Akaondolewa kwenye maabara. Akapelekwa stoo, kutunza chumba cha baridi.

Mumewe ni kinyozi, mtu wa utani na wa sauti kubwa. Aliposikia, utani ulimkauka mdomoni. Walikuwa wanakula.

"Si ungesema tu ndiyo, naapa? Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

"Sasa ona wamekutupa kwenye friji kama samaki!"

Akacheka, wasikilizaji wapendwa. Machozi yanatiririka na huku anacheka. Mzee anasema hapo ndipo alipoacha kumlaumu.

Alikaa stoo miaka kumi na mitatu. Kumi na mitatu. Chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu za chuma hadi darini, mamia ya nusu za miche zimefungwa kwa plastiki. Alivaa sweta mbili na soksi za mumewe. Umeme ulipokatika, alilowesha vitambaa na kuvipitisha kwenye mabomba ili tope lisikauke na kupasuka. Mwaka wa tatu ikaja amri ya maandishi: nafasi ni finyu, vitu visivyofaa vitupwe. Orodha iliambatanishwa. Bomba la tano lilikuwemo.

Aliandika barua kuomba libaki. Barua haikujibiwa. Mama Tope akachukulia kwamba asiyekataa amekubali. Alilifunga upya, akalisukuma nyuma ya rafu ya chini, akaandika juu yake, safari hii kwa msumari, akikwaruza plastiki yenyewe: "Lisitupwe. Halijajulikana."

Hakuandika kwamba ni sahihi. Aliandika kwamba halijajulikana. Kwa sababu hata yeye hakujua. Na hilo ndilo lililomtafuna. Kuondolewa maabara alikuwa ameshalimeza. Alichoshindwa kumeza ni shaka.

"Aliniambia," binti yake anakumbuka, "kwamba kuna siku aliamini yuko sahihi mpaka saa sita mchana, na akishakula chakula cha mchana anaamini amekosea. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, namwambia, mama, achana nalo. Anasema, nitaachaje, mwanangu? Kama nilikosea, nataka kuambiwa. Kama sikukosea, mji mzima unatakiwa kuambiwa."

Kisha mvua zikakataa kunyesha.

Mwaka wa kwanza watu walilalamika. Mwaka wa pili waliacha kulalamika wakaanza kuogopa. Maji ya ziwa yalirudi nyuma hatua kwa hatua, na ngazi za gati zikabaki zikiteremka kwenye udongo mkavu. Mji mzima, tuseme tena, mji mzima ulikuwa ukipata maji kutoka ziwa hilo kwa bomba moja kubwa. Halmashauri ya mji ikawa na njia mbili. Njia ya kwanza, kulirefusha bomba kubwa lifike katikati ya ziwa, kazi ya miezi mitatu. Njia ya pili, kuchimba visima virefu chini ya vilima, kazi ya mwaka mmoja na nusu. Hawakuwa na nguvu ya kufanya zote mbili. Wengi walitaka bomba lirefushwe. Ziwa halijawahi kukauka, walisema. Kitabuni imeandikwa.

Wakati huo Profesa alikuwa amestaafu, na idara ilikuwa imempata mtafiti mpya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyetembea haraka na kuuliza maswali haraka zaidi. Halmashauri ilimpa kazi ya kuthibitisha kwamba ziwa ni la kutegemewa. Akaenda stoo kutafuta miche ya zamani. Akainama kwenye rafu ya chini.

"Shikamoo mama. Hili limeandikwa nini hapa?"

"Marahaba. Limeandikwa kosa langu," akajibu Mama Tope.

"Mbona hapa pamekwaruzwa halijajulikana?"

"Ndiyo. Kosa langu halijajulikana."

Mtafiti akavuta ndoo akaigeuza akaikalia. Akamwambia amweleze yote tangu mwanzo. Alipomaliza, mtafiti aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini hakuna aliyerudi kuchimba tena?"

Miaka kumi na mitatu, na swali hilo lilikuwa halijawahi kuulizwa kwa sauti.

Walirudi ziwani mwezi huo huo. Mama Tope alikataa kwenda, kisha akaenda, kisha akakataa kugusa kitu. Alikaa kwenye chelezo mikono ameiweka mapajani. "Nisiguse hata kifuniko," alisema. "Wasije wakasema tena." Walichimba mahali pale pale, kisha sehemu mbili nyingine. Na kila bomba lilipotoka majini, mtafiti alilikwaruza namba kwa msumari, kabla hata halijalazwa chini. Mama Tope alimtazama akitikisa kichwa taratibu.

Sasa, msikilizaji, sikia siku ya kufungua.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mabomba matano ya kwanza ya shimo la kwanza yamepangwa mezani. Mtafiti akamwambia aingie. Mama Tope akakataa. Akabaki nje ya mlango, kwenye korido, akisikiliza sauti ya waya ukipita kwenye tope. La kwanza. La pili. La tatu. La nne. Alisema kila bomba lilichukua mwaka mzima. Kisha waya ukapita kwenye la tano, na katikati ya safari, waya ukakwama.

Ukakwama kwenye kitu kigumu.

"Mama!" mtafiti akapiga kelele. "Mama, njoo uone mwenyewe!"

Mkanda ulikuwepo. Vidole vinne. Rangi ya majivu, umepasukapasuka, na vijizizi ndani yake. Wakaleta bomba la zamani kutoka stoo, lile la kutupwa, wakalilaza ubavuni mwa hili jipya. Mipasuko kwa mipasuko. Tofauti ilikuwa moja. Mkanda wa sasa ulikuwa chini zaidi, karibu sentimita tano zaidi. Mama Tope akalaza kidole chake kidogo kwenye pengo hilo.

"Hizi sentimita tano ni nini?" akauliza mmoja wa wanafunzi.

"Hizo," akajibu, "ni tope la miaka niliyokaa stoo."

Mabomba ya yale mashimo mengine mawili yakafunguliwa kabla ya chakula cha mchana. Mkanda ulikuwepo. Na huku nako ulikuwepo. Hakuwa amechanganya bomba hata moja katika mvua ile. Hata moja.

Akashusha pumzi. Wote waliokuwepo wanaikumbuka pumzi ile. Mtafiti anasema ilikuwa ndefu hadi akamshika mkono, akidhani anazimia. Hakuzimia. Aliomba simu. Akapiga kwenye duka la kinyozi la mumewe, na aliposikia sauti ya mume hakuweza kusema zaidi ya maneno mawili: "Ni lenyewe."

Mzee alikuwa na mteja kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili bado. Akamwacha hapo hapo. Akakimbia mitaa mitatu na aproni yake shingoni. "Yule mteja alinisubiri saa mbili nzima," anasimulia akicheka. "Niliporudi nikamnyoa bure, na kumsimulia mambo ya tope mpaka akajuta kuzaliwa na nywele."

Wiki hiyo Mama Tope alilala, anasema binti yake, kama mtoto mchanga. Anarudi kazini, anakula, analala. Miaka kumi na mitatu ya usingizi ilikuwa inadaiwa.

Lakini mji ulikuwa bado haujapona. Kikao cha halmashauri kilikaa Alhamisi, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na joto la kutosha kupikia. Mtafiti alieleza. Alionyesha picha. Ziwa liliwahi kukauka lote, alisema, na likabaki kavu kwa miaka isiyopungua arobaini. Ukirefusha bomba, unayafuata maji yanayokukimbia. Mjumbe mmoja, mtu mzito wa kauli na wa mwili, akasimama.

"Mambo ya miaka elfu moja na mia tatu yanatuhusu nini sisi? Watu wa siku hizo hata hatuwajui."

Mama Tope, aliyealikwa kubeba bomba tu, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, samahani. Ziwa nalo halitujui sisi. Halijui kwamba safari hii tumejenga hospitali."

Mtu wa nyuma akacheka, na mwingine akapiga makofi. Kura zilipigwa. Visima vilishinda kwa kura mbili. Kura mbili tu, wasikilizaji wapendwa. Mashine za kuchimba zilianza kazi chini ya vilima mwezi uliofuata.

Mwezi wa kumi na tisa tangu uchimbaji uanze, ziwa lilibaki dimbwi ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa miguu kabla ya chai ya saa nne. Watu walitembea mahali ambapo bomba lililorefushwa lingekuwa limelala. Palikuwa pakavu. Pakavu, na pamepasuka.

Turudi mwezi mmoja nyuma. Siku ambayo bomba kubwa la zamani lilianza kuvuta hewa, visima vikiwa vimekamilika wiki hiyo hiyo, binti wa Mama Tope alikuwa zamu wodi ya wazazi. Akina mama sita, watatu wameshajifungua, watatu njiani. Anasimulia mwenyewe:

"Nilifungua bomba la sinki, likakohoa. Likatema hewa. Halafu kimya. Nikamtazama mkunga mwenzangu, naye akanitazama, hakuna aliyesema kitu mbele ya wagonjwa. Nilihesabu moyoni. Nikafika mia moja na kumi. Likakohoa tena, likatoa maji ya kahawia, yakaja meupe, yakaja safi. Baridi kabisa, ya chini ya ardhi. Nikanawa mikono, nikarudi kumzalisha mama wa watu. Ni wa kike. Nilikuwa nalia, na yule mama akadhani nalia kwa sababu ya mtoto wake. Nikamwacha aamini hivyo."

Mabomba ya mji huu hayakukauka siku hata moja. Hakuna mtoto aliyekufa kwa kiu. Hakuna aliyehama. Mwaka wa nne mvua zilirudi. Ziwa lilijaa taratibu, na leo watoto wanaogelea pale bila kujua kwamba shangazi zao walitembea hapo wakiwa wamevaa viatu.

Na Profesa? Alikuja. Tunalisema hili kwa sababu Mama Tope alitaka lisemwe kila mara. Mwaka ule ule wa visima, mzee yule alifika nyumbani kwake na fimbo mkononi, ripoti ya zamani kwapani. Alikataa kukaa. Akaifungua kwenye ukurasa wenye ile sentensi, akaikata kwa kalamu mbele ya mume na binti, akaandika pembeni na kutia sahihi: kosa lilikuwa langu.

"Nilikuomba uape," akasema. "Nilipaswa kuomba mashua."

Mama Tope akavuta kiti. "Nikimsimamisha mgeni mlangoni mume wangu atanigombeza," akasema. "Kaa, Profesa. Chai inapoa." Akakaa. Walikuwa marafiki hadi Profesa alipotangulia mbele ya haki.

Mwaka ule wa visima Mama Tope alirudishwa maabara, akafundisha mafundi kwa miaka kumi na miwili zaidi hadi alipostaafu. Sheria yake ya kwanza ilikuwa fupi: ukikosea sema, usipojua sema hujui, halafu nenda ukaangalie. Mtafiti yule, ambaye leo ndiye mkuu wa taasisi, anasema mabomba yao yote hadi sasa yanaandikwa namba kwa msumari.

Alizikwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Mama mmoja alijitokeza akiwa na binti aliyekwishakuwa mtu mzima. Ni yule aliyezaliwa siku ile bomba lilipokohoa. Mama huyo hakuwa akijulikana na familia. Alisema amesikia tu kwamba aliyefariki alihusika na maji.

Kwa mzee wetu kinyozi, kwa binti yetu muuguzi na wanawe, kwa mafundi wote aliowalea: poleni sana. Sisi wa kituo hiki tunaomboleza pamoja nanyi. Mungu ampumzishe mahali pema. Mzee ameniomba niwaambie wasikilizaji kwamba nyumbani hakuna huzuni ya kukata tamaa. "Alimaliza akiwa mwepesi," amesema. "Watu wangapi wanapata bahati ya kujua, wakiwa hai, kwamba hawakukosea?"

Nawe msikilizaji, nikuachie jambo moja la kutafakari. Pengine ofisini kwako, darasani kwako, ndani ya ukoo wako, yupo mtu aliyeandikwa kosa ambalo hakuna aliyerudi kulihakikisha. Huenda alikosea kweli. Huenda hakukosea. Wewe unaweza kuwa ndiye wa kwanza kuuliza. Usingoje tuje kumtaja hapa redioni. Nenda kesho, akiwa bado anaweza kukukaribisha chai.